Uzito wa Gunia na Siri ya Punje

Tangu kale watu wa nchi zetu hupima nafaka kwa kibaba, kwa pishi, kwa debe na kwa gunia, na biashara yote ya chakula, kutoka shambani hata bandarini, imesimama juu ya vipimo hivyo. Wala hapana hata kimoja kati yake kiwezacho kumwambia mnunuzi kama punje anayoichukua leo ina lishe ile ile iliyokuwamo katika punje aliyoila babu yake. Zamani hapakuwa na haja ya kuuliza, maana mpunga ulihesabiwa kuwa ni mpunga, na aliyepata mwingi alihesabiwa kuwa ameshiba. Katika miaka hii ya karibuni, walakini, wanavyuoni wa kilimo wamedhihirisha kwamba hewa na udongo, vitu viwili ambavyo mmea hauna budi navyo, vyote vimo katika kugeuka, na athari ya mageuzi hayo hukaa ndani ya punje, mahali ambapo mizani haifiki.

Tuanze na hewa. Mwaka 1958 Charles David Keeling, mwanasayansi wa Marekani, alianza kupima hewa ya ukaa juu ya mlima wa Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii, akaikuta ni sehemu 315 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Kabla ya zama za viwanda kadiri yake ilikuwa 280. Leo imepita 420, kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyoviteketeza, na misitu tunayoifyeka. Kwa kuwa mmea huujenga mwili wake kwa hewa hiyo, wako watu ambao husema, tena kwa furaha, kwamba ongezeko lake ni mbolea ya bure iliyomwagwa juu ya mashamba ya dunia nzima. Neno hilo lina ukweli: mpunga na ngano zikipata hewa ya ukaa nyingi, maji yakiwapo na joto lisizidi, hukua upesi na kuzaa zaidi. Lakini wasemao hivyo hunyamaza wafikapo kwenye swali la pili, nalo ni kwamba kilichozidi ndani ya mmea ni kitu gani.

Mtu aliyeshughulishwa mno na swali hilo hakuwa mkulima wala tabibu, bali mtaalamu wa hesabu, Irakli Loladze, mzaliwa wa Jojia aliyekwenda kusoma Marekani. Mwaka 1998, katika chuo kikuu cha jimbo la Arizona, aliwasikia wataalamu wa viumbe wakieleza ajabu waliyoiona: waliimulika kwa mwanga mwingi mimea midogo ya majini, ambayo ni chakula cha wadudu wadogo waeleao, mimea ikastawi na kujaa tele, na hao wadudu, badala ya kunenepa, wakadhoofika katikati ya wingi. Chakula kilikuwa kimezidi sukari na kupungukiwa madini. Mwingine angelistaajabu kisha akaenda zake. Loladze alijiuliza kama hali hiyo isingeweza kuwapata ng'ombe katika malisho, na watu katika sahani zao, hewa ya ukaa ikizidi kuongezeka. Mwaka 2002 alitoa makala ya kueleza hoja yake, na kwa miaka kadhaa walioitilia maanani walikuwa wachache.

Ushahidi ulikuja kutoka mashambani. Huko Japani na China wataalamu walizungusha mabomba kando ya majaruba ya mpunga, katika shamba la wazi lenye jua, mvua na upepo wake wa kawaida, wakawa wanaachilia hewa ya ukaa kwa kipimo mpaka ikafikia kadiri inayotazamiwa kabla ya karne hii kwisha. Matokeo ya aina 18 za mpunga yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba protini ilipungua kwa asilimia 10 hivi, madini ya chuma kwa asilimia 8, zinki kwa asilimia 5, na vitamini za jamii ya B zikapungua zaidi: B1 kwa asilimia 17, na B9, ambayo mama mjamzito huihitaji mno kwa ajili ya mtoto aliye tumboni, kwa asilimia 30. Mfano wake ni maziwa yaliyotiwa maji: chombo kimejaa vile vile, na rangi haijabadilika sana, lakini anywaye hapati haki yake.

Sababu si moja. Wanga umeongezeka na madini hayakuongezeka nao, kwa hiyo kila punje ina akali ya madini kuliko kwanza. Kadhalika, jani lipatapo hewa ya ukaa bila taabu huvifumba kiasi vile vitundu vyake vidogo vya kuvutia hewa. Mvuke utokao hupungua, na maji yapandayo kutoka mizizini pamoja na madini yaliyoyeyuka ndani yake hupungua pia. Hata ile protini ya jani ambayo kazi yake ni kuinasa hewa ya ukaa haihitajiki tena kwa wingi wa awali. Mahindi, mtama, uwele na miwa haidhuriki kwa kadiri hiyo, maana umbile lake ni jingine: huikusanya hewa hiyo na kuirundika ndani ya jani kabla ya kuitumia, hata ziada ya nje haiipi tofauti kubwa. Lakini mla ugali asishangilie upesi, kwani protini ya mahindi tangu asili yake ina kasoro, na maharage anayoyategemea kuiziba kasoro hiyo, ingawa hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, nayo yako katika kundi la mimea ipotezayo chuma na zinki.

Hayo ni ya upungufu. Upande wa udongo yako mambo ya ziada, na ziada yenyewe ni sumu.

Nchi ya Bangladesh imekaa juu ya matope yaliyoletwa na mito mikubwa itokayo milima ya Himalaya, na ndani ya matope hayo mna aseniki, sumu ambayo haikutiwa na mwanadamu bali imo tangu udongo huo ulipotulia. Tangu miaka ya 1970 watu walichimba visima vya bomba kwa mamilioni, kwa nia njema kabisa ya kuwaokoa watoto na maradhi ya kuhara yaliyokuwa katika maji ya madimbwi; mwaka 1993 ikagunduliwa kwamba maji ya vingi vya visima hivyo yana aseniki, na kwamba makumi ya mamilioni ya watu wamekuwa wakiyanywa. Viganja viligeuka vigumu, ngozi ikaota madoa, na baada ya miaka mingi ikafuata saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu. Na maji hayo hayo ya chini ndiyo yanayomwagilia mpunga wa kiangazi, hivi kwamba sumu hurudi nyumbani kwa njia mbili, katika mtungi na katika sufuria.

Mpunga una bahati mbaya ya peke yake. Udongo wake hufunikwa na maji, hukosa oksijeni, na bakteria waishio humo huyayeyusha madini ya chuma yaliyokuwa yameishika aseniki, nayo ikafunguka. Ikifunguka huwa na umbo linaloshabihi silika, kitu cha mchanga ambacho mpunga hukipenda mno, maana ndicho kilipacho bua lake uti, na makapi yake ukali. Mwaka 2008 Jian Feng Ma wa chuo kikuu cha Okayama pamoja na wenziwe walithibitisha kwamba aseniki hupita katika njia zile zile ambazo mzizi umejiwekea kwa ajili ya silika.

Sasa mikasa miwili inakutana. Katika jaribio la chuo kikuu cha Stanford lililotangazwa mwaka 2019, mpunga uliopandwa katika udongo wenye aseniki, ukapewa joto lililozidi kwa digrii 5 na hewa ya ukaa maradufu, ulipungua mavuno kwa karibu asilimia 40, na aseniki ndani ya punje ikaongezeka mara mbili. Mwaka 2025 mtafiti Lewis Ziska na wenziwe walitoa matokeo ya uchunguzi wa miaka 10 juu ya aina 28 za mpunga uliolimwa China katika shamba la wazi, nayo yakasadikisha kwamba joto na hewa ya ukaa vikizidi pamoja, aseniki ya punje huzidi. Basi ile mbolea ya bure, mahali penye sumu, huenda isilete hata huo uzito ulioahidiwa.

Mtu atasema: kama maji ndiyo yafunguayo sumu, na yakaushwe. Ushauri huo ni mzuri, na wakulima wa Asia waliofundishwa kulowesha na kukausha jaruba kwa zamu hupunguza aseniki na kuokoa maji. Illa udongo ukikauka huifungua kadimiamu, sumu nyingine, ambayo ikiwa chini ya maji hushikwa na salfa isiweze kwenda. Japani inaikumbuka vizuri. Machimbo ya Kamioka yaliutia mto Jinzu taka zake zenye kadimiamu, mto ukanywesha majaruba ya Toyama, na kina mama wa huko, zaidi wale waliokwisha kuzaa na kuzeeka, wakaharibika mafigo na kuvunjika mifupa kwa maumivu yasiyosemeka, mpaka serikali ilipokiri mwaka 1968 kwamba maradhi yao yalitokana na machimbo. Kwa hiyo hapana amri moja ifaayo mashamba yote. Kila udongo sharti upimwe kwanza.

Jikoni pia mna shauri, nalo kwa watu wa pwani si geni. Mchele uchemshwao kwa maji safi mengi, mara sita ya kipimo chake au zaidi, kisha ukachujwa, kama wapishi wa biriani wafanyavyo, hupoteza sehemu kubwa ya aseniki, lakini wali ulioachwa ukaushe maji yake huibakiza yote. Wapenda mchele usiokobolewa nao wajue kwamba aseniki hukaa zaidi katika pumba, ingawa humo ndimo zilimo vitamini. Na maji yamwagwayo huondoka na vitamini za B, zile zile ambazo hewa imekwisha kuzipunguza! Aliye na samaki, mboga na maziwa mezani hatadhurika kwa hilo. Mwenye dhiki ni yule ambaye wali ndio chakula na kitoweo, na walio kama yeye ni wengi mno duniani.

Dawa ya kweli imo katika mbegu na katika kipimo. Aina za mpunga hutofautiana sana katika kuvuta aseniki na katika kuhifadhi zinki, na Bangladesh, iliyoteseka kuliko nchi zote, ndiyo iliyotoa mwaka 2013 mbegu ya kwanza duniani ya mpunga wenye zinki nyingi, iliyopatikana kwa kuzalisha aina kwa aina. Basi wale waliokabidhiwa vituo vya utafiti na skimu za umwagiliaji katika nchi zetu wasiisifu mbegu kwa magunia ya ekari peke yake, wala wasichimbe kisima cha jaruba kabla maji yake hayajapelekwa maabara, na matokeo yakasomwa mbele ya wakulima wenyewe.