Programu Inayofunguliwa Tena Kesho

Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza jaribio dogo huko Nairobi na Thika. Wateja hawakuzidi 500, maduka ya mawakala yalikuwa manane, na lengo lilikuwa moja: wakopaji wa taasisi ya Faulu Kenya walipe marejesho yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, waliokuwa wakiiongoza kazi hiyo, walipofuatilia matumizi waliona mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Kuna waliowalipia wenzao marejesho, kisha wakarudishiwa fedha taslimu mkononi. Kuna walioweka pesa kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, wasibebe noti njiani. Na kuna waliowatumia ndugu zao wa mashambani muda wa maongezi.

Huduma hiyo ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, habari ya marejesho ilikuwa imesogezwa kando. Kilichotangazwa ni kutuma pesa nyumbani.

Kwa yeyote anayebuni programu za simu, kisa hicho kina somo zito kuliko mbinu nyingi zinazofundishwa leo. Wabunifu hupimwa kwa hesabu inayojulikana: kati ya waliopakua programu leo, wangapi wataifungua tena kesho, wangapi baada ya siku 7, wangapi baada ya siku 30. Programu nyingi hufunguliwa mara moja zikasahauliwa, na siku simu inapojaa picha za harusi na video za makundi, ndizo za kwanza kufutwa. Hapo timu hukimbilia rangi mpya, zawadi na arifa. Hughes na Lonie walianza mbali zaidi: walitazama watu walikuwa wanahangaika na nini, kisha wakaijenga huduma upya kuzunguka hangaiko hilo.

Tazama ujumbe mmoja tu wa M-Pesa. Mtu akishatuma, simu inalia: namba ya muamala, neno "Imethibitishwa", kiasi, jina la mpokeaji, tarehe na saa, kisha salio lililobaki. Mpokeaji naye anapata wa kwake. Kwa aliyezoea kumkabidhi dereva wa basi bahasha na kukaa roho juu hadi jioni, maneno hayo machache yalimaliza wasiwasi wote. Hadi leo mteja dukani huigeuza simu, muuzaji asome jina na kiasi, na bidhaa ikatoka. Yote hayo yalikaa ndani ya laini, bila intaneti, hata kwenye kitochi. Ujumbe ule haukumsihi mtu arudi. Ulimhakikishia kwamba kazi imekwisha, na ndiyo sababu alirudi mwezi uliofuata mshahara ulipotoka.

Uzito wa programu nao una sauti kubwa kuliko wabunifu wengi wanavyokubali. Mwaka 2017 Google ilieleza kwamba kila ukubwa wa programu ulipoongezeka kwa MB 6, kiwango cha watu wanaoisakinisha kilishuka kwa asilimia 1. Anayenunua bando la siku anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa. Facebook waliielewa mapema. Mwaka 2015 walitoa Facebook Lite, iliyokuwa na ukubwa usiofika MB 1, iliyotengenezwa kwa ajili ya mtandao wa 2G na simu za bei nafuu. Mbunifu anayeijaribu kazi yake kwenye simu mpya ya bei mbaya, ofisini penye Wi-Fi, hajaijaribu bado.

Mfano mwingine ni wa Duolingo, programu ya kufundisha lugha iliyoanzishwa Pittsburgh, Marekani, na Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, pamoja na Severin Hacker. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2012, na tangu 2017 inafundisha hata Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza. Tatizo lake ni gumu. Kujifunza lugha kunachukua miaka, na faida yake haionekani jioni ileile. Anayetuma pesa anaona matokeo papo hapo. Anayejifunza vitenzi haoni chochote kwa wiki nyingi.

Kwa hiyo Duolingo waliweka matokeo madogo ya kila siku. Mgeni hufanya somo la kwanza kabla hajaombwa kufungua akaunti, na hapo tayari ameshatamka maneno mawili matatu. Kisha kuna mfululizo: namba inayohesabu siku ambazo mtu amesoma bila kukosa. Kwenye hotuba yake ya TED mwaka 2023, von Ahn alisema kwamba zaidi ya watu milioni 3 wanaoitumia programu hiyo kila siku walikuwa na mfululizo unaozidi siku 365. Alieleza pia kuhusu arifa. Baada ya kutengeneza mfumo tata wa kutafuta saa nzuri ya kumkumbusha mtu, jibu likawa jepesi: saa 24 baada ya mara ya mwisho, kwa sababu aliyepata nafasi jana saa 9 alasiri huenda akaipata leo saa ileile. Mtu akikaa siku 7 bila kuifungua, arifa husimamishwa, naye huambiwa hivyo. Wengi hurudi kwa kuambiwa tu kwamba hawatasumbuliwa tena.

Ndani ya kampuni hiyo wanaiona arifa kuwa kitu cha kutunzwa. Utafiti walioutoa mwaka 2020 ulijengwa juu ya jambo ambalo kila mwenye simu anaweza kulithibitisha: ujumbe uleule ukirudiwa hupoteza nguvu, ukipumzishwa nguvu hurudi. Wapo wanaotuma matangazo matano kwa siku, kisha wanashangaa kwa nini wamezimwa sauti.

Kuiga nako kuna gharama. Jorge Mazal, aliyewahi kusimamia bidhaa hapo Duolingo, ameandika jinsi walivyochukua kutoka mchezo wa Gardenscapes kihesabio cha hatua zilizobaki na kukiweka kwenye masomo. Hakikubadili kitu. Kwenye mchezo, kila hatua ni uamuzi wa kupima. Kwenye somo, mtu ama anajua jibu ama halijui, hakuna cha kupanga. Lakini walipoleta ligi za kila wiki, ambamo wanafunzi hushindana kwa alama, muda wa kujifunza ulipanda kwa asilimia 17.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Mfululizo huohuo unaomsukuma mtu asome unaweza kumfanya achague somo jepesi kuliko yote saa 5:58 usiku, alinde namba na asijifunze lolote. Duolingo wamelegeza kamba kwa kuruhusu siku ya kukosa isiue mfululizo, na wamefanya vyema: mtu ana wagonjwa, ana misiba, ana siku umeme umekatika. Von Ahn mwenyewe alisema kushindana na TikTok ni kama kumwekea mtu brokoli pembeni ya kitindamlo. Akaongeza kwamba programu ya elimu haihitaji kunoga kwa kiwango hicho, kwa sababu mwanafunzi ana sababu yake ya kuja. Kauli hiyo ina uzito, nayo inawagusa wabunifu wa programu za afya, kilimo na akiba.

Programu isiyo na sababu hiyo hutafuta njia ya kumzuia mtu asitoke. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, unaojiongeza kadiri mtu anavyousogeza. Zamani ukurasa ulikuwa na chini yake, na pale chini mtu alipata nafasi ya kusema inatosha. Nafasi hiyo iliondolewa, na Raskin amejutia hadharani matokeo yake. Mwaka 2024 TikTok Lite ilipoanza kuwapa watu wa Ufaransa na Uhispania alama kwa kutazama video, alama zinazobadilishwa kuwa zawadi, Tume ya Ulaya ilifungua uchunguzi mwezi Aprili, ikihofia uraibu, hasa kwa watoto. Agosti TikTok iliahidi kuuondoa mpango huo Ulaya, na ahadi ikafanywa kuwa ya lazima kisheria. Ulikuwa uamuzi sahihi: anayelipwa alama ili atazame harudi kwa hitaji lake mwenyewe.

Mabadiliko mengine yamekuja ndani ya simu zenyewe. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu mpya lazima iombe ruhusa kabla ya kutuma arifa yoyote. Wengi huomba sekunde ya kwanza, mtu hajaona hata ukurasa mmoja, na jibu huwa hapana. Programu ya mkulima inayosubiri hadi ameshatafuta bei ya mahindi ya soko lake, kisha ikamuuliza kama angependa kuarifiwa bei hiyo ikipanda, inamwomba wakati tayari anajua arifa itamletea nini.