Taya likibana, usikimbilie kung'oa jino

Hebu fanya jaribio dogo, msomaji, kabla hujaendelea kusoma. Panga vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kimoja juu ya kingine, kisha uvitie wima baina ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia bila taabu, kinywa chako kinafunguka inavyostahili. Mtu mzima aghalabu hupanua kinywa milimita 35 hadi 55. Ikiwa viwili tu ndivyo vilivyoingia, au umesikia uchungu mbele ya sikio, basi makala haya yanakuhusu.

Viungio vya taya ni viwili, kimoja kila upande, mbele kidogo ya tundu la sikio. Weka ncha za vidole hapo, ufungue na kufunga kinywa, nawe utahisi mfupa ukicheza. Kiungio hiki si kama cha kiwiko ambacho kazi yake ni kukunja na kukunjua tu. Mfupa wa taya la chini kwanza huzunguka mahali pake, halafu huteleza kwenda mbele, na juu yake pana kisahani cha gegedu kinachosafiri pamoja nao. Kisahani kikiponyoka na kurudi mahali pake, husikika mlio kama wa kidole kinachoaliwa. Kikiponyoka kisirudi, huziba njia na kinywa hukataa kupanuka.

Hata hivyo, kwa wagonjwa wengi kisahani si tatizo. Tatizo ni misuli ya kutafunia. Meno ya juu na ya chini hayakuumbwa kugusana kutwa nzima. Hukutana wakati wa kutafuna na kumeza, basi. Lakini mwangalie mwanafunzi anayejiandalia mtihani wa KCSE, au dereva aliyekwama kwenye msongamano wa magari jioni. Meno ameyakaza kama anayeuma kamba, wala hana habari. Wengine huendelea kuyasaga usiku wakiwa usingizini. (Wazazi wengi wakimsikia mtoto akisaga meno hukimbilia dawa ya minyoo. Mtoto mwenye minyoo apewe dawa, ndiyo, lakini kusaga meno si ushahidi wa minyoo, na kwa watoto wengi tabia hiyo huisha yenyewe.)

Ubaya wa maumivu haya ni kwamba yana hila. Huanzia kwenye misuli ya shavu, kumbe mgonjwa huyasikia kwenye gego, ndani ya sikio au kwenye kipaji cha uso. Hapo ndipo mtu hupewa dawa ya matone ya sikio, isimfae, kisha aombe gego ling'olewe. Gego zima huenda, na maumivu hubaki yalipokuwa. Dalili zaweza kukuelekeza kiasi. Jino lililooza aghalabu hushtuka kwa maji baridi au chai moto, au huuma linapogongwa. Maumivu ya taya huzidi unapotafuna au kupiga miayo, na ukibonyeza misuli ya shavu au ya kipaji unaruka. Kwa hivyo, kabla daktari hajashika koleo, mwombe akuonyeshe kwenye picha ya eksirei ni jino lipi lenye kasoro na kasoro yenyewe ni ipi. Hiyo ni haki yako.

Wala si wagonjwa pekee waliopotea njia. Mnamo 1934 James Costen, daktari wa masikio na koo huko St. Louis, Marekani, aliyahusisha maumivu haya na kukosa magego na jinsi meno yanavyokutana. Kwa miongo mingi baada yake meno mazima yalichongwa ili eti taya litulie. Miaka ya 1980 Wamarekani wengi walipandikizwa vipande vyenye Teflon mahali pa kile kisahani cha gegedu. Vipande hivyo vilimomonyoka, na chembechembe zake zikasababisha mifupa ya jirani kuliwa. Mapema miaka ya 1990 viliondolewa sokoni, lakini walioumia walikuwa wameshaumia.

Ndiyo maana mwongozo uliochapishwa na jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, mwishoni mwa 2023 unapendeza kusoma. Wataalamu waliochunguza tiba za maumivu sugu ya taya waliyatanguliza mambo yasiyo na kisu: mazoezi ya taya chini ya uangalizi, kunyooshwa na kukandwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, na mafunzo ya kutuliza mawazo na kuacha kukaza meno. Walipinga vikali upasuaji wa kutoa kisahani, na pia vifaa vya mdomoni vinavyobadilisha mpangilio wa meno daima. Hata kile kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku, ambacho huuzwa kwa pesa si haba, hawakukiweka mbele kama tiba ya maumivu, ingawa chaweza kukinga meno yasisagike.

Anza nyumbani basi. Kwa wiki mbili hivi kula vyakula laini: uji, mukimo, wali, ndizi za kupondwa, mayai. Pumzisha muwa, mahindi ya kuchoma, njugu, chingamu na ile nyama choma inayohitaji kupigana nayo. Miraa na muguka ni vivyo hivyo. Shavu linalofanya kazi saa nne mfululizo haliwezi kupona. Loweka kitambaa katika maji ya moto ya kustahimilika, ukikamue na kukiweka shavuni dakika 15 au 20, mara mbili kwa siku. Ukihisi miayo inakuja, tegemeza kidevu kwa ngumi. Mchana jikumbushe: midomo ikutane, meno yaachane. Kisha zoezi hili: bandika ncha ya ulimi kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele, ufungue kinywa polepole bila ulimi kubanduka. Rudia mara sita, na ufanye hivyo mara sita kwa siku. Paracetamol yaweza kusaidia. Ibuprofen pia, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au mja mzito bila kumwona daktari.

Mlio usio na uchungu hauhitaji tiba yoyote. Usiuchezee kwa kuurudiarudia ili wenzako darasani wausikie.

Kinywa kikikataa kufunguka kwa wiki kadhaa licha ya mazoezi, daktari wa upasuaji wa kinywa anaweza kuosha kiungio kwa maji ya chumvi kupitia sindano mbili, njia iliyoelezwa na Dorrit Nitzan na wenzake mnamo 1991. Kisu kikubwa ni cha wachache mno.

Lakini kuna kubana kwa taya kusikongojea wiki mbili. Ukiona taya linakaza siku kadhaa baada ya kuchomwa na msumari au kupata kidonda kichafu, huenda ni pepopunda; nenda hospitalini saa hiyo hiyo. Uvimbe chini ya taya pamoja na homa, taabu ya kumeza au kupumua, mara nyingi kutokana na usaha wa gego la mwisho, nao hautaki kulazwa nyumbani hata usiku mmoja. Maumivu ya taya yanayoandamana na kubanwa kifua ni ya moyo mpaka ithibitike vingine.

Halafu kuna popoo. Walaji wa tambuu, na vijana wanaonunua vile vipakiti vya popoo na tumbaku, hukuta pilipili inawachoma kinywa kuliko zamani, kisha mashavu yanakuwa magumu na meupe, na kinywa kinapungua kidogo kidogo. Hapo kiungio hakina hatia. Ni ngozi ya ndani ya shavu iliyogeuka nyuzi, na yaweza kuishia kuwa saratani. Mazoezi ya kupenyeza vijiti bapa baina ya meno, kimoja baada ya kingine, husaidia kuzuia kinywa kisizidi kufunga, lakini popoo isipoachwa ni kazi bure. Mwenye dalili hizi achunguzwe kwenye kliniki ya meno na aendelee kurudi huko. Lile jaribio la vidole alifanye kila Jumapili na kuandika matokeo, ili daktari aone kama kinywa kinafunguka au kinazidi kufunga.