RANGI YA NYUMBA NA AFYA YA MTOTO



Hapa Itigi kiangazi ni wakati mzuri wa kupaka rangi. Mvua hakuna, na milango hukauka upesi. Lakini jihadhari.

Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za zamani, zina madini ya risasi. Ni madini yale yale yaliyomo katika betri za magari. Rangi ikibanduka, vumbi lake huanguka chini. Mtoto hutambaa, hushika vumbi, kisha hutia mkono mdomoni. Risasi huharibu ubongo wake, naye huwa mzito wa kujifunza. Madhara hayo hayaponi.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Dukani soma maandishi ya kopo. Kama hujaelewa, uliza. Chagua rangi isiyo na risasi.

2. Watoto na mama wajawazito wakae mbali. Ondoa vyombo na chakula.

3. Tandika turubai chini. Lowesha rangi ya zamani kwa maji, ndipo uikwangue. Usiipige msasa ikiwa kavu. Usiichome moto.

4. Kusanya vipande vyote. Vizike mbali na kisima na bustani.

5. Paka rangi mpya madirisha yakiwa wazi. Msilale humo mpaka harufu iishe.

6. Ukimaliza, oga na ufue nguo.

Mbao zenye rangi ya zamani usizifanye kuni. Moshi na majivu yake yana sumu.

Mtoto akila vipande vya rangi, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, hata kama haonyeshi dalili.

Kinga ni bora kuliko tiba.