Namba Wiano na Namba Zisizo Wiano

Istilahi "namba wiano" imetokana na uwiano, na mzizi wake ni kitenzi wia, yaani kumdai mtu. Namba wiano ni ile iwezayo kuandikwa kuwa sehemu ambayo kiasi chake na asili yake ni namba kamili, mradi asili isiwe sifuri. Isiyoweza kuandikwa hivyo si wiano. Wayunani walikiita kipimo cha namna hii alogos. Na kwa kuwa logos kwao ni neno tena ni uwiano, hudhaniwa kuwa ndiyo sababu walioandika kwa Kiarabu walikiita asamm, yaani kiziwi, na Kilatini kikafuata kwa surdus. Kiswahili kimeshika upande wa uwiano, na kwa hakika kimechagua vyema.

Lakini istilahi njema haiondoi kosa lililozoeleka, la kudhani kwamba desimali isiyokoma ndiyo alama ya namba isiyo wiano. Moja ikigawanywa kwa 7 hutoa 0.142857142857... bila kikomo, nayo ni wiano. Sababu yake ni nyepesi: katika kugawanya kwa 7, baki haziwezi kuwa ila 1 hadi 6, baki moja ikirudi, tarakimu zote zilizoifuata hurudi pia. Kinyume chake, desimali ikikoma, au fungu lile lile la tarakimu likijirudia daima, namba hiyo ni wiano. Wala mpangilio peke yake hautoshi: 0.101001000100001..., ambayo sifuri zake huongezeka moja moja, ina utaratibu ulio wazi, ila haina fungu lijirudialo. Basi si wiano.

Tarakimu hazihesabiki zote, kwa hiyo mwamuzi wa kweli ni hoja. Chukua ulalo wa mraba wenye upande wa 1, ambao ni kipeuo cha pili cha 2. Tuseme ni sehemu iliyorahisishwa hadi mwisho, kiasi a na asili b. Basi mraba wa a ni mara mbili ya mraba wa b, nao ni shufwa; na kwa kuwa mraba wa witiri ni witiri, a mwenyewe ni shufwa. Iwapo a ni mara mbili ya c, mraba wa b ni mara mbili ya mraba wa c, na b naye ni shufwa. Zote mbili zagawanyika kwa 2, ilhali sehemu ilikwisha kurahisishwa. Haiwezekani.

Wanafunzi wengi hutumia 22/7 mahali pa pai, hata wakadhani ndiyo pai yenyewe. Hiyo ni 3.142857..., na pai ni 3.141592...; zaachana katika tarakimu ya tatu ya desimali. Lambert alithibitisha katika miaka ya 1760 kwamba pai si wiano. Namba e, msingi wa logi asilia, nayo si wiano; lakini kama jumla ya pai na e ni wiano au siyo, hadi leo hakuna aliyethibitisha.