Yuniti moja kambini

Kila anayenunua umeme wa LUKU anajua yuniti inavyokwenda: pasi ikiwaka asubuhi na hita ya maji ya kuoga ikafuata, namba za mita zinashuka ukiziangalia. Yuniti hiyo moja ni wati-saa 1,000. Betri ya kubebeka ya ukubwa wa kati, ile yenye mkono wa kushikia na matundu ya plagi ubavuni, ina kiasi hichohicho na uzito wa kilo kumi na kitu. Familia ya watu wanne inaweza kwenda nayo kambini Jumamosi, ikapika maharage na wali, ikanywa chai ya jioni na ya asubuhi, na ikarudi Jumapili bila kuwasha hata kiberiti. Familia nyingine, kwa betri ileile, itaimaliza kabla ya magharibi kwa kukaanga chapati na kuacha sufuria ya maji itokote bila mfuniko. Wote wamenunua kitu kimoja. Wanachotofautiana ni namna ya kupika, na hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa kina, kwa sababu maswali mengi ninayoulizwa ni kuhusu betri ipi inunuliwe, na machache mno ni kuhusu chakula.

Tuanze na namba za kwenye boksi. Ziko mbili, na wauzaji wengi hutaja moja tu. Wati-saa ni akiba iliyomo ndani ya betri. Wati ni kasi ambayo inveta ya betri hiyo inaweza kuitoa akiba kwa wakati mmoja. Jagi la umeme la nyumbani linataka wati 2,000 na zaidi. Ukilichomeka kwenye betri yenye inveta ya wati 1,000, betri itajizima hapohapo hata kama imejaa pomoni. Jagi dogo la safari la wati 600 litachemsha maji yaleyale taratibu zaidi, kwa akiba karibu ileile. Kwa hiyo vyombo vya kambini ni vile vyenye wati chache: jagi la wati 600, sufuria ya umeme ya kupikia wali ya wati 400, jiko la presha la lita tatu lenye wati 500 hadi 700. Kuna na namba ya tatu, kubwa kuliko zote, inayoitwa ya kilele. Hiyo ni ya sekunde chache tu, kwa ajili ya mota ya friji au pampu inapoanza kuzunguka. Hita haina kilele cha kuzungumzia. Inavuta kiasi kilekile tangu inapowaka hadi inapozimwa, kwa hiyo namba ya kilele isikushawishi.

Sasa twende kwenye joto lenyewe. Kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 100 kunahitaji wati-saa 93. Hiyo ni tabia ya maji, na hakuna chapa ya jagi inayoweza kuipunguza. Ongeza joto linalopotelea kwenye jagi lenyewe, unafika 110 hivi. Lakini maji yakishachemka ukayaacha yaendelee kutokota wazi, kila robo lita inayogeuka mvuke inaondoka na wati-saa zipatazo 157. Yaani robo lita ya mvuke inakula kuliko kuchemsha lita nzima! Na wala hujapata faida yoyote, kwa sababu maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya yale yanayotokota polepole. Chakula kinaiva kwa kasi ileile. Kwenye mkaa hatulioni hili, kwa kuwa kilo moja ya mkaa ina nishati ya karibu yuniti nane, na sehemu kubwa inakwenda hewani bila mtu kuumia. Kwenye betri, mfuniko una thamani kuliko wati-saa mia mbili za ziada dukani.

Ndiyo maana chombo ninachokipa nafasi ya kwanza ni jiko la presha la umeme. Tanzania ilipozindua mkakati wake wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, majiko haya yalikuwa miongoni mwa yanayohimizwa majumbani, na sababu inayoyafaa majumbani inayafaa zaidi porini. Limefungwa, kwa hiyo mvuke hautoki. Kuta zake zinazuia joto. Na linajizima lenyewe presha ikitosha. Weka nusu kilo ya maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha, kisha tazama kioo cha betri. Kwa dakika ishirini hivi namba inasimama kwenye 600 bila kutikisika. Kidude cha juu ya mfuniko kinaanza kupumua, kinainuka, kinaziba. Halafu unasikia “tik”, na namba inaanguka hadi sifuri. Inakaa sifuri dakika kadhaa. Tik, 600 kwa muda mfupi. Tik, sifuri tena. Maharage yanaendelea kuiva huku betri imepumzika. Mwishoni zimetumika wati-saa 250 hadi 300, na hapo usiwe na haraka ya kufungulia mvuke. Acha presha ishuke yenyewe, kwani dakika hizo chakula kinapikika bure.

Jiko hili lina faida nyingine wanayoijua waliolala kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Pale uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 92 hivi badala ya 100. Maharage makavu kwenye sufuria ya kawaida yatakufanya ukeshe. Jiko la presha huongeza presha yake juu ya ile ya hewa ya mahali ulipo, hivyo hata huko juu ndani yake kunafika nyuzijoto 110 hivi. Kwa nyama ya mbuzi, makande na kunde, sijui njia nyingine ya umeme inayofaa kwenye mwinuko.

Sufuria ya wali ni ya pili kwa ubora. Chini yake kuna sumaku ndogo inayopoteza nguvu joto likipita kidogo nyuzijoto 100. Maji yakiwamo, joto haliwezi kupita hapo. Yakishanyonywa yote na mchele, sufuria inapanda joto, sumaku inaachia, swichi inaruka. Nusu kilo ya mchele itakula wati-saa 200 hivi. Usiinue mfuniko kuchungulia. Kwenye mwinuko ongeza maji kidogo kuliko ya Dar es Salaam, na swichi ikisharuka funika sufuria kwa kitenge kilichokunjwa, uiache robo saa.

Hebu tupige hesabu ya ile familia ya watu wanne. Betri ya wati-saa 1,000 haitoi 1,000 kwenye plagi. Inveta nayo inakula, na kinachokufikia ni 850 hivi. Maharage 300, wali 200, lita moja ya chai jioni 110, nyingine asubuhi 110. Jumla 720. Zinabaki za mayai ya kuchemsha na za simu. Hesabu hii inakubali kwa sharti moja ambalo watu hulisahau: inveta ikiachwa imewashwa bila kazi yoyote, inaweza kula wati-saa kumi au zaidi kila saa. Toka magharibi hadi alfajiri hizo ni zaidi ya wati-saa mia moja, yaani chai yako ya asubuhi. Kila ukimaliza kupika, bonyeza kitufe cha plagi hadi taa yake izime. Simu zichajiwe kwenye tundu la USB, ambalo halipitii kwenye inveta.

Kazi nyingine fanya kabla ya kuondoka nyumbani. Wengi wanaopika maharage ya wiki nzima na kuyagandisha kwa mafungu tayari wana chakula cha kambini: fungu lililoganda likiwekwa kwenye deli linapooza nyama njia nzima, na likifika jioni limeshayeyuka, kinachobaki ni kulipasha. Likiwa bado barafu, kuliyeyusha tu kwa umeme kutakugharimu wati-saa zipatazo 90 kwa kilo, karibu sawa na kuchemsha lita ya maji. Chupa ya chai nayo iondoke nyumbani ikiwa imejaa maji ya moto.

Chapati zipikwe nyumbani. Nalisema hili nikijua kambi bila chapati ya moto si kambi kwa watu wengi, lakini kikaango kilicho wazi kikikaa kwenye wati 1,000 kwa nusu saa kimekula nusu ya betri, na sehemu kubwa ya joto lake imeishia hewani. Jiko la induksheni halipotezi joto jingi kama sahani ya umeme, ila lina mitego miwili. Mengi ya bei nafuu hayapunguzi nguvu kikweli. Ukiyaweka kwenye wati 400 yanawaka kwa wati 1,000 au zaidi, yanazima, yanawaka tena, na inveta ndogo inakataa pale yanapowaka. Pia sufuria zetu za alumini, zilizojaa kila soko, hazifanyi kazi juu yake. Chukua sumaku ya mlango wa friji uiweke chini ya sufuria. Isiponata, iache nyumbani.

Kuna wanaotaka kuokoa fedha kwa kuchukua betri ya gari ya asidi na inveta ya kununua peke yake. Betri ya kuwashia injini imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiinyonya hadi chini mara kadhaa imekufa, na hata ile ya sola haipendi kushuka chini ya nusu. Halafu kuna nyaya. Wati 1,000 kutoka betri ya volti 12 ni ampea zaidi ya 80, na ukihesabu upotevu wa inveta zinakaribia 100. Nyaya zile nyembamba zenye vibano vya mamba zinalainika, plastiki inanuka, na hapo moto hauko mbali. Mkondo huo unataka waya wa shaba mnene, mfupi, na fyuzi karibu kabisa na kichwa cha betri. Asiye fundi na asijaribu. Betri za kubebeka zenye seli za lithiamu chuma fosfeti, zinazoandikwa LiFePO4, zina ulinzi ndani na hustahimili kuchajiwa maelfu ya mara. Hizo ndizo ninazopendekeza.

Kwa nini tuhangaike hivi wakati kuni ziko kila mahali? Kwenye hifadhi za taifa kuokota kuni ni marufuku, na sababu zake tumeziona. Oktoba 2020 moto uliwaka siku kadhaa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na taarifa za mwanzo za TANAPA zilieleza kwamba ulianzia Whona, mahali pa kupumzikia, wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Na kuna hatari iliyo karibu zaidi: jiko la mkaa lililoingizwa hemani usiku wa baridi. Hewa yake ya kaboni monoksidi haina harufu, na mtu aliyelala haamki. Kwa ajili hiyo peke yake naona betri ina nafasi kwenye kila kambi yenye watoto.

Hata hivyo, kwa safari ndefu gesi bado inashinda. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati ya karibu yuniti kumi na tatu. Mlimani, ambako mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, kumbebesha kilo kumi na mbili kwa ajili ya yuniti moja ni kumwonea. Isitoshe, betri ya lithiamu huharibika ikichajiwa kwenye baridi ya chini ya sifuri. Betri ni ya kambi inayofikiwa na gari.

Na gari lenyewe linasaidia. Kutoka Arusha hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 300, sehemu kubwa ya siku barabarani. Soketi ya volti 12 ya kwenye dashibodi, ikitoa wati 100 hivi, inarudisha wati-saa 600 au 700 njiani. Chomoa injini ikizimwa, usije ukashindwa kuwasha gari asubuhi. Ukifika, paneli ya kukunja ya wati 100 iliyoanikwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni itakupa 350 hivi siku ya jua. Isiwe chini ya mgunga: kivuli cha tawi moja kikiangukia kona ya paneli kinaweza kukata nusu ya umeme wake. Paneli ikae juani, betri ikae kivulini, juu ya boksi na si ardhini. Seronera kuna mabanda ya kupikia yaliyozungushiwa wavu kwa ajili ya nyani na fisi. Pikia humo, na jiko la presha lenye mabaki ya maharage lilale humo pia, kamwe si hemani.

Ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Ulaya na Marekani huniuliza kama waje na betri. Hapana. Ndege za abiria haziruhusu betri ya zaidi ya wati-saa 160, iwe mkononi au kwenye begi la chini, na inayotosha kupikia inapita hapo kwa mbali. Vyombo vya Marekani navyo viacheni: vimeundwa kwa volti 120, na jagi la huko likichomekwa kwenye betri yetu ya volti 230 litavuta karibu mara nne ya wati zilizoandikwa juu yake, na kama inveta haikujizima kwanza, jagi litaungua.