Kutoka Gerezani hadi Kazini (Sehemu ya Pili): Ujira wa Jioni na Hatari ya Kurudia Kileo

Sehemu iliyotangulia ilieleza jinsi mwili wa mraibu, yaani mtu aliyetawaliwa na kileo au dawa ya kulevya hata asiweze kuiacha kwa hiari yake, unavyopatwa na arosto, ile hali ya kutetemeka, kutokwa na jasho na kukosa usingizi pindi anapokosa kitu alichokizoea. Gereza humtenga na kitu hicho kwa nguvu, lakini kutengwa hakumponyi, na mpango wowote wa kumtafutia kazi mfungwa atakayerudi Nangina, Funyula, Busia au Malaba, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, hauna budi kuanzia hapo.

Sheria ya Magereza ya Kenya, Sura ya 90, inampa mfungwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja nafasi ya kupunguziwa theluthi ya muda wake kwa bidii na mwenendo mzuri, isipokuwa kwa makosa kadhaa yaliyotengwa. Kwa hiyo siku ya kutoka hujulikana mapema, na ni vigumu kuona kwa nini maandalizi ya kazi yasubiri wiki ya mwisho, wakati mfungwa ameshaanza kuhesabu siku na akili yake yote iko nyumbani.

Kuhusu ufundi wenyewe, magereza hayako nyuma kama wengi wanavyodhani. Useremala, ushonaji, uashi na uchomeleaji hufundishwa, na mfungwa aliyeiva hutahiniwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ijulikanayo kwa kifupi kama NITA, ambayo hutoa vyeti vya daraja la tatu, la pili na la kwanza, hilo la kwanza likiwa la juu kabisa. Mwenye kifungo kifupi, na walevi wengi huingia kwa vifungo vifupi, mara nyingi hutoka kabla ya kufikia mtihani. Kwa hao ingefaa mahakama zitumie zaidi Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, inayomwezesha mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka mitatu kufanya kazi ya umma huku akilala kwake.

Tatizo kubwa liko kwenye aina ya kazi inayompokea nje ya lango. Mpaka una kazi ambazo hazidai cheti wala barua: kupakia na kupakua mizigo ya malori Malaba, kuendesha bodaboda ya mtu kwa kumpelekea mwenyewe hesabu ya kila siku, kuvusha bidhaa kwa mkokoteni. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwezi Februari 2018 kiliharakisha ukaguzi wa mizigo, ila hakikubadilisha namna mpakiaji anavyolipwa. Analipwa taslimu, jioni, akiwa na wenzake, amechoka, na mbele yake kuna glasi ya chang'aa au waragi iliyopita kwenye njia za panya. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inaruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni katika siku za kazi, saa ileile ambayo fedha huwa ndiyo kwanza zimeingia mfukoni. Wataalamu huita mambo kama haya vichocheo, yaani watu, mahali, saa au hali inayoamsha hamu ya zamani hata baada ya miezi mingi ya kutoonja. Dereva wa bodaboda wa usiku anayetafuna muguka ili asisinzie, kisha akatafuta kinywaji cha kumletea usingizi alfajiri, ana vichocheo viwili katika zamu moja.

Hatari hii si ya kubahatisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wafungwa walioachiliwa katika jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza uwezekano wao wa kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ulikuwa mara 129 ya ule wa wakazi wengine. Mwili uliokaa muda mrefu bila dawa hupoteza ustahimilivu wake, na kipimo alichokizoea mtu zamani huweza kumuua. Dawa zinazotajwa huko si chang'aa ya hapa mpakani, lakini mwili wa mnywaji nao hupoteza ustahimilivu kwa njia hiyohiyo.

Ndiyo maana afisa wa probesheni, mtumishi wa serikali anayewasimamia wahalifu wakiwa nje ya gereza, angepaswa kuuliza maswali mengine zaidi ya lile la kama kazi ipo: inalipwa lini, kwa njia gani, inaisha saa ngapi, na inafanywa na nani. Karakana inayolipa kwa wiki kupitia simu au chama cha akiba ni bora kuliko lori linalolipa maradufu jioni ileile. Ushauri nasaha nao hauhitaji daktari bingwa, kwani huko Eldoret watafiti wa mpango wa AMPATH walionyesha kwamba washauri wa kawaida waliopewa mafunzo wanaweza, kwa vikao sita vya kila wiki, kuwasaidia wagonjwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi kupunguza unywaji.

Kinabaki cheti cha tabia njema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho waajiri wengi hukidai na ambacho huonyesha hukumu za zamani. Uingereza ina sheria tangu mwaka 1974 inayofanya hukumu nyingi zihesabiwe kuwa zimepitwa na wakati. Nchini Kenya, kifungu cha tano cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza ubaguzi wa rangi, jinsia, dini, ulemavu na mengineyo, lakini hakitaji rekodi ya kifungo, na hilo ni pengo ambalo wabunge wa eneo hili wanaweza kulipeleka Bungeni. Kabla ya hapo, wenye karakana, bodi za shule zinazoagiza madawati na sare, na hospitali za misheni zenye majengo ya kukarabati wanaombwa wafike gerezani mtihani wa NITA unapofanyika, waione kazi ya mtahiniwa kwa macho yao, na wakubaliane naye juu ya ujira wa wiki kabla hajatoka.