Istilahi za Ibada ya Viziwi

Wafasiri wa vitabu vya dini na walimu wa viziwi hukabiliwa na tatizo moja: msamiati wetu wa ibada ya Kikristo umejengwa juu ya sikio na ulimi. Waumini husemwa kuwa wamekuja kusikia Neno, wamepaza sauti, wameitikia. Muumini kiziwi tumsemeje?

Kwanza jina lake. Neno kiziwi si tusi. Wenyewe wanalitumia, nalo limo katika jina la Chama cha Viziwi Tanzania. Kwa umbo ni la KI-VI, lakini hupatanishwa kama viumbe wengine wenye uhai: kiziwi anasali, viziwi wanasali. Bubu si kisawe chake, kwani viziwi wengi wana sauti, na wana lugha yenye sarufi kamili. Katika sura ya saba ya Injili ya Marko, tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952 inapomtaja yule kiziwi aliyeletwa kwa Yesu haimwiti bubu, bali yasema ana utasi, yaani kasoro ya ulimi. Ingawa aya ya mwisho ya kisa hicho inawataja bubu pia. Yasikitisha kuwa neno utasi sasa halijulikani na wengi.

Neno gumu zaidi ni kusikia. Paulo aliwaandikia Warumi kuwa imani hutokana na kusikia, na huko Ulaya walikuwapo waliolichukua neno hilo kimwili, wakaona kuwa kiziwi hafundishiki dini. Padri Charles-Michel de l'Épée wa Paris alilikanusha wazo hilo kwa vitendo. Alipokutana na wasichana wawili ndugu, wote viziwi, alihofia wangekosa mafundisho ya imani. Kazi yake ya kuwafundisha ndiyo iliyozaa shule yake katika miaka ya 1760.

Kiswahili hakikufungwa na sikio namna hiyo. Twasikia njaa, twasikia baridi, twasikia harufu ya ubani; na mtoto asiyesikia, kwa kawaida, ni yule asiyetii. Kwa hiyo hatuoni sababu ya kuliondoa neno kusikia katika katekisimu ya viziwi. Ngoma ya kanisani wanaisikia kweli, kwa kifua na kwa nyayo, na kwaya ya viziwi inayopeleka mikono kwa mapigo mamoja inaimba. Tusiandike kuwa inaigiza wimbo. Lakini agizo la “tufumbe macho tuombe” halitafsiriki kwao: afumbaye macho amejitoa katika sala. Mfasiri aandike “tutulie tuombe.”

Kuhusu lugha yenyewe, Tanzania husema lugha ya alama, na Kenya lugha ya ishara, ambayo kwa Katiba ya mwaka 2010 ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kanisani neno ishara lina kazi nyingine tayari: ishara ya msalaba, ishara na maajabu. Sentensi “padri alifanya ishara” haituelezi kama alibariki au alihubiri. Katika maandishi ya dini twapendelea alama, ijapokuwa mwalimu akiandika “alama za kiziwi huyu ni nzuri” mzazi atadhani ni za mtihani! Kitenzi kiwe kusema kwa alama. Kuashiria ni kudokeza tu, na anayesali kwa mikono hadokezi.

Limebaki jina la mtu anayesimama kati ya kiziwi na kuhani. Fomu nyingine humwita msaidizi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inamruhusu muumini kuungama kwa njia ya mkalimani, na mkalimani huyo anafungwa na wajibu wa kutunza siri. Neno ni mkalimani, wala si mfasiri, ambaye hushughulika na maandishi, wala si msaidizi, kwa kuwa hapo hamsaidii kiziwi kutubu: anayapeleka maneno ya mwenyewe kama yalivyo.